Zeze la Pimbi na Ndama Asiyekuwa na Jina

Wangu, mmekaa?
Tumekaa!
Mmekaa kitako, au mmekaa kama wenye safari?
Kitako!
Basi nikiita, itikieni. Na nikiimba, msiniache peke yangu.
Hatukuachi!

Hapo kale, kale sana, wanyama walipokuwa bado wanaalikana harusini, aliishi Pimbi mmoja na mama yake kwenye majabali. Pimbi huyu alikuwa kijana, mnene kidogo, mkia hana, na moyo wake wote ulikuwa kwenye muziki. Muziki wenyewe alikuwa haujui. Lakini anautaka!

Akatafuta kibuyu, akakitoboa. Akatafuta kijiti, akakichomeka. Akamwendea Punda Milia akamwomba singa ya mkia. Punda Milia akampa, akidhani kijana anataka kushonea kitu. Pimbi akaifunga singa ile, akaikaza, akapata zeze.

Siku ya kwanza alipolipiga, likalia ngiii, kama paka aliyekanyagwa. Mama yake alikuwa karibu, anachambua majani ya chakula cha mchana. Akaziba sikio moja, lile la upande wa pili, ili mwanawe asione.

"Linapendeza, mama?"

"Linapendeza, baba. Litapendeza zaidi ukilipigia kule juu."

Pimbi akapanda juu. Na huko juu, siku ileile, kabla vidole havijajua pa kukaa, akatunga wimbo wake mwenyewe. Ulikuwa wimbo wa jabali analolalia. Mrefu, jamani! Unapanda, unashuka, unageuka nyuma kuangalia ulikotoka, halafu unapanda tena.

Bondeni kulikuwa na jirani yake, binti Nungunungu. Huyu akitembea, miiba yake ilikuwa inalia cha, cha, cha, kwa hiyo alianza kupiga muziki kabla hajajua kuwa anapiga. Alipopata kayamba la matete, mikono yake ikalitikisa kama vile vimezaliwa pamoja. Akasikia zeze huko juu, akapanda.

"Pimbi, tupige wote."

"Tupige!"

"Tuanze na nyimbo za Bibi Korongo. Kila mtu anazijua. Tukikosea, watu watatushika mkono."

"Sitaki," Pimbi akasema. "Wimbo wa mtu ni kama mswaki wa mtu. Wewe utautia mswaki wa Bibi Korongo kinywani mwako?"

Nungunungu akamtazama. "Na hayo maneno unayosema, uliyatunga wewe? Si mama yako aliyekutilia kinywani?"

Pimbi akanuna. Na Nungunungu, kwa kuwa alimpenda rafiki yake, akasema, "Haya. Tupige zako."

Haikupita muda, Ngiri akamaliza kuchimba nyumba mpya. Akaita watu waje wale, wanywe, waifurahie. Mpiga ngoma wake akawa mgonjwa. Akasikia kuna vijana wa majabalini, akawaita.

Watu wakaja, wakala, wakafuta midomo, wakasimama tayari kucheza. Pimbi akakohoa, akaanza wimbo wake wa jabali.

*Jabali langu lina ukungu,*
*ukungu wa kijani, si kijani sana,*
*kuna pembe ya kushoto ambayo,*
*ukiitazama kwa kulia...*

Watu wakangoja mahali pa kuitikia. Hapakuja. Wakangoja mahali pa kupiga makofi. Mmoja akapiga, akajikuta peke yake, akajifanya anaua mbu. Wakatazamana. Nungunungu naye anahangaika na kayamba lake, anatikisa hapa, anaona sipo, anatikisa pale, anaona bado.

Mke wa Ngiri akasogea taratibu, akasema kwa adabu, "Wanangu, mnakaza uzi, au mmeshaanza?"

Pimbi akaendelea. Swala akaondoka. Kanga wakaondoka na watoto wao. Ngiri mwenyewe akaingia ndani ya nyumba mpya, kinyumenyume kama kawaida yake, akapotelea humo. Wimbo ulipokwisha, uwanjani alikuwa amebaki Kobe tu.

Pimbi akamkimbilia, macho yanamlengalenga. "Asante, mzee wangu! Wewe ndiye uliyekaa kunisikiliza!"

Kobe akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi nilianza kuondoka ulipofika pembe ya kushoto."

Mnacheka? Msicheke. Pimbi alirudi nyumbani akaingia kwenye mwanya wa jabali, akakaa humo na kiza chake. Chakula hakukigusa. Mama yake akamletea majani laini, akayaweka mlangoni, akaenda zake bila kusema neno. Nungunungu akaja naye akakaa nje.

"Pimbi."

Akasogea, akagonga jabali.

"Pimbi we. Si kwamba wimbo ni mbaya. Hata mimi sikuona pa kuingilia, na mimi ni mwenzio."

Halafu ndani ya mwanya ikatoka sauti ndogo: "Bibi Korongo anakaa wapi?"

Bibi Korongo alikuwa anakaa penye bwawa, amesimama kwa mguu mmoja kwenye tope, na alikuwa mkali. Nyimbo alizokuwa nazo ndizo zilizoimbwa na kila mtu: za kupanda, za harusi, za siku ya jina. Alikuwa na kikohozi cha siku nyingi. Akiimba, kila akifika katikati anakohoa, khoh, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea.

Akawafundisha. Pimbi akikosea, anadonolewa. Akikosea tena, anadonolewa tena. Alianza kwa uchungu, kama mtu aliyeshindwa. Lakini siku zikaenda, na kitu kikaanza kumfurahisha. Alikuwa anafikiri nyimbo zile ni rahisi kwa kuwa kila mtu anaziimba. Kumbe! Alipoziingia kwa vidole vyake akakuta mwimbaji anasema neno, kisha anaacha nafasi. Na nafasi ile haikuwa tupu. Ilikuwa imeachwa kwa ajili ya watu.

"Nungunungu," akanong'ona, "umeona? Huu wimbo una milango."

"Naiona," Nungunungu akasema, na kayamba lake likaingia mlangoni, cha!

Wimbo wa siku ya jina ndio aliopenda kuliko zote. Siku hiyo mtoto husimamishwa mbele ya watu, wimbo ukaimbwa, mtoto akakimbia akizunguka uwanja, na mama yake akalitaja jina. Jina likishatajwa, mtoto ni wa watu wote. Mimi nitasema, ninyi mtaitikia "Mpisheni!" Haya:

*Ana miguu ya upepo,*
Mpisheni!
*Kazaliwa asubuhi,*
Mpisheni!
*Adhuhuri akimbia,*
Mpisheni apite!

Vizuri. Mmeona mlivyoingia? Hakuna aliyewafundisha pa kuingilia.

Ikaja harusi ya Kanga. Pimbi na Nungunungu wakaalikwa, wakapiga nyimbo za Bibi Korongo mwanzo mpaka mwisho. Ooo! Watu walicheza mpaka manyoya yakaruka. Bibi harusi alivunja ukucha. Mwenyeji alisahau kugawa chakula, na hakuna aliyemkumbusha. Pimbi alikuwa amezijua nyimbo zile sawasawa, hata alipofika katikati akakohoa, khoh! Na watu wote waliokuwa wakiimba wakakohoa pamoja naye, khoh! Wakaendelea.

Tangu hapo wakawa wanaitwa kila mahali. Leo kwa Swala, kesho kwa Ngiri yuleyule, ambaye sasa alikaa nje mpaka mwisho. Na siku moja mgeni mmoja akamshika Pimbi bega, amejaa furaha, akasema, "Kijana, wewe ni Bibi Korongo kabisa! Nikifumba macho, simwoni mwingine ila yeye!"

Watu wakapiga vigelegele. Pimbi naye akacheka. Lakini njiani, wakirudi, akawa anabaki nyuma.

"Una nini?" Nungunungu akauliza.

"Amesema akifumba macho anamwona Bibi Korongo."

"Si amekusifu?"

"Amenisifu. Lakini mimi nilikuwa wapi?"

Nungunungu akatembea kidogo, miiba inalia. "Basi tuupige ule wako wa jabali. Tuutengeneze, tuutie milango."

Pimbi akasimama kama aliyekanyaga moto. "Usinitajie huo wimbo! Mimi situngi tena. Watu waliondoka, Nungunungu. Mpaka Kobe aliondoka!"

Yule aliyekuwa hataki kugusa cha mwenziwe, sasa anaogopa kugusa cha kwake. Na angebaki hivyo, kama si Mama Nyumbu.

Mama Nyumbu alikuja majabalini asubuhi moja, kichwa chini. Kando yake alikuwa ndama wake, binti, macho meusi kama zambarau. Mguu wa nyuma wa ndama yule ulikuwa umepinda tangu alipozaliwa. Aliuburura.

"Wanangu," Mama Nyumbu akasema, "mwenzangu, baba wa mtoto, hataki kufanya siku ya jina. Anasema atamsimamishaje mtoto huyu mbele ya watu, aimbiwe kwamba ana miguu ya upepo? Anasema watu watainamisha macho. Basi mtoto amekaa hivihivi. Ndama wenziwe wanaitwa, 'Fulani, njoo! Fulani, njoo!' Wangu anaitwa 'yule.'"

Ndama alikuwa anasikia. Akajifanya anatazama majani.

"Nataka wimbo wake," Mama Nyumbu akasema. "Sitaki wa huruma. Nataka wa siku ya jina."

Pimbi akatikisa kichwa. "Mama, mimi najua nyimbo za Bibi Korongo tu. Ngoja nikamuulize. Lazima atakuwa nao."

Wakaenda bwawani mbio. Bibi Korongo akasikiliza yote. Mara hii hakudonoa mtu.

"Sina," akasema.

"Huna, Bibi?"

"Mimi niliimba miguu niliyoiona. Mguu huo sikuuona. Nendeni mkautazame." Akakohoa, akageuka kutafuta vyura.

Wakarudi. Pimbi akatunga. Mara ya kwanza akatunga kama alivyozoea zamani, wimbo unapanda na kushuka, maneno mazuri tupu. Nungunungu akanyanyua kayamba, akalishusha. "Sioni mlango, ndugu yangu."

Mara ya pili akachukua wimbo wa Bibi Korongo, akabadilisha neno moja tu. Penye "akimbia" akatia "atembea." Wakamwimbia Mama Nyumbu ausikie. Naye akasikiliza, akainamisha kichwa. "Mmetoa kitu," akasema polepole. "Kila mtu atakayesikia atajua kuwa hapo palikuwa na mbio na zimetolewa."

Pimbi akaona aibu. Akaliweka zeze chini. "Nimeshindwa," akamwambia Nungunungu. "Cha kwangu hakina mlango. Cha Bibi hakimtoshi mtoto. Mwambie mama wa watu atafute wengine."

"Mwambie wewe," Nungunungu akasema. "Mtoto yule pale."

Ndama alikuwa chini ya majabali, penye vumbi jepesi, anafukuza kipepeo. Pimbi akateremka kwenda kusema kwamba ameshindwa. Akafika karibu, akafungua kinywa, akakifunga.

Alikuwa anasikia kitu.

Ndama alikuwa anakwenda: tak, tak, tak, shwaaa. Tak, tak, tak, shwaaa. Kwato tatu zinagonga, wa nne unajiburura. Na kipepeo anapanda na kushuka juu ya mdundo ule kama anayecheza. Nyuma ya ndama, kila alikopita, palikuwa na mstari mrefu kwenye vumbi, umejipinda vizuri, umezunguka mawe, umezunguka ua moja dogo asilotaka kulikanyaga.

Pimbi akakaa hapo. Akasahau alichokuja kusema.

"Unatazama nini?" ndama akauliza kwa ukali. Alikuwa amezoea kutazamwa.

"Natazama ulivyoandika."

Ndama akageuka, akautazama mstari wake. Hajawahi kuutazama. "Ni mrefu," akasema.

"Ni mrefu sana. Hebu tembea tena."

Akatembea. Pimbi akapiga zeze kwa kijiti, tak, tak, tak. Kisha akaita kwa sauti yake yote, "Nungunungu! Shuka! Njoo na kayamba! Shwaa ni yako!"

Siku ya jina ilipofika, watu walijaa. Nyumbu ni wengi, mnawajua, uwanja ulikuwa mweusi kwa migongo. Baba Nyumbu alikuja kwa kuwa mkewe alimwambia asipokuja, jina la mtoto atalitaja bila yeye. Lakini alisimama kando kabisa, amewapa watu mgongo.

Ndama akasimamishwa katikati. Watu wakaona mguu. Na kama baba yake alivyosema, wakainamisha macho.

Pimbi aliwaona watu wote wale, akawaona kama wanaoondoka tayari. Alitamani kuanza wimbo wa Bibi Korongo, ule ambao haujawahi kumfukuza mtu. Kidole kilikuwa kinaelekea huko chenyewe. Akamtazama ndama. Ndama alikuwa anamtazama yeye, masikio yamesimama.

Pimbi akapiga. Tak, tak, tak. Kayamba likajibu, shwaaa.

Ndama akaanza kutembea. Na mguu wake ukajiburura palepale kayamba liliposema. Tak, tak, tak, shwaaa. Watu wakainua macho kidogo. Pimbi akaimba:

*Taratibu amekuja...*

Akaacha nafasi. Uwanja kimya. Kisha bibi mmoja mzee wa Nyumbu, ambaye ameitikia nyimbo za siku ya jina maisha yake yote, akaona mlango anaoujua, kinywa kikafunguka chenyewe: "Mpisheni!"

Haya, na ninyi!

*Taratibu amekuja,*
Mpisheni!
*Njia yake kaandika,*
Mpisheni!
*Twajua alikopita,*
Mpisheni apite!

Mara ya pili waliitikia nusu. Mara ya tatu waliitikia wote, na ardhi ikajua. Miguu ikataka kucheza, lakini mdundo ule haukuchezeka ila kwa njia moja: hatua, hatua, hatua, kisha burura. Akaanza bibi yule. Wakafuata wajomba. Wakafuata ndama wenziwe, na hao ndio walioupenda kuliko wote, wakigombea nani aburure vizuri zaidi, wakamkimbilia mwenyewe awaonyeshe. "Si hivyo," alikuwa anawaambia, "unaanza na kisigino. Tazama." Vumbi lote likajaa mistari.

Baba Nyumbu, huko kando, alisikia shwaa moja kubwa kama mvua. Akageuka. Akaona kundi zima la Nyumbu linakwenda mwendo wa binti yake, na binti yake yuko mbele.

Akaja. Alikuja polepole, watu wakampisha. Akasimama kando ya mwanawe, akaburura mguu wake mzima, shwaa, akazunguka naye uwanja mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanamtiririka puani, hakuyafuta.

Zeze likanyamaza. Mama Nyumbu akasogea alitaje jina. Lakini mumewe akasema, "Ngoja, mke wangu. Nilimchagulia jina akiwa tumboni. Alipozaliwa nikaona haya kulisema."

"Jina gani?"

"Mshale."

Watu wakatazamana.

"Aitwe Mshale," Baba Nyumbu akasema kwa sauti. "Mshale hauna mguu hata mmoja, na unafika."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka bwawani. Na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita "yule." Ikawa, "Mshale, njoo! Mshale, tungoje!"

Pimbi na Nungunungu wakaendelea na kazi yao. Wakipiga nyimbo za Bibi Korongo, watu wanacheza. Wakipiga za kwao, nyingine zinapendwa, nyingine Nungunungu anasema, "Hii iache kwanza jabalini," na Pimbi hanuni. Ananuna kidogo.

Miaka ikapita. Siku moja wakasafiri nchi ya mbali wasikojulikana. Wakakuta watu wanafanya siku ya jina ya mtoto wa Pofu, yule mnyama mwenye pembe za kusokotwa, mtoto mwenye miguu yake yote mizima. Na Kanga mmoja wa huko alikuwa anaimba wimbo wa Mshale, hajui umetoka wapi. Tena alikuwa anaukosea. Penye "twajua alikopita," yeye aliimba "tutajua aendako."

Nungunungu akakasirika, miiba ikasimama. "Amekosea! Nenda kamwambie kuwa wimbo ni wako!"

Pimbi akasikiliza mpaka mwisho. Akasikiliza na mara ya pili. Kisha akamwendea Kanga, akainama kwa heshima.

"Dada, mimi ndiyo kwanza naanza kuusikia hivyo. Hebu nifundishe hapo mwisho."

Kanga akamfundisha.

Basi wangu, hadithi hii inatuambia hivi. Ewe unayeanza, usione haya kujifunza nyimbo za wenzio. Humo ndimo utakamojua watu wanapoingilia. Wala za kwako usizifukie, maana iko siku atakuja mtoto ambaye wimbo wake haujaimbwa na mtu, na atakuwa anakutazama wewe.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Mwenye bega na aubebe.
Tumeubeba!